Mzunguko wa Saba

Somoe, lile faili umeliweka wapi?
La kijani, lenye kona iliyovimba kwa maji ya chumvi
siku wimbi lilipoturukia pale Mokowe.
Lilete. Sitalichana. Nataka kuhesabu tu.

Mara sita nimeshuka ngazi za gati alfajiri,
kindoo cha kutapikia nimekifunika leso
watu wadhani nimebeba chakula.
Mara sita basi limesimama kizuizini,
askari akatazama kitambulisho, kisha akanitazama mimi.
Picha ina nyusi. Mimi sina.
"Huyu ni nani?"
Ukamjibu, "Ni mamangu. Ni yeye. Alikuwa hivyo."
Nilisikia hilo "alikuwa". Sikukuambia.

Kule Mombasa, Sista Kadzo, yule mwembamba,
huupigapiga mkono wangu akitafuta mshipa
kama mtu agongaye mlango wa jirani aliyehama.
Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu, rangi ya sharubati ya harusi,
na baridi yake ikapanda hadi begani.
Siku ya tatu mdomo ukawa na ladha ya funguo.
Halwa nikaichukia. Udi nikauchukia,
hata babako akawa anaifukiza kanzu yake kwa jirani
na kuingia ndani kwa aibu, kama mwizi anayenukia.

Mimi ni mtu wa sindano, wajua.
Miaka thelathini na minne natoboa kofia,
tundu kwa tundu, kofia moja miezi minne,
na damu haikupata kunitoka
ila nilipokuwa nikiwaza mengine.
Sasa ncha za vidole zimekufa ganzi.
Kofia ya Shebwana ile pale, imebaki upande mmoja;
nikiishika sijui nimeshika uzi
au nimeshika upepo.

Daktari hakunificha. Kijana tu, kalamu yake yavuja,
akawa anafuta wino kidoleni huku akisema:
uvimbe umefika kwenye ini, dawa tutaibadilisha,
huenda tukapata miezi.
Nikamuuliza, "Miezi ya namna gani?"
Akaacha kufuta wino.
Jibu hilo nimelikalia kimya kutoka Mombasa hadi Amu,
wewe umenilalia begani, mdomo wazi,
kama ulipokuwa na miaka mitano.

Najua mjomba wako ameuza mashine ya boti.
Najua wanawake wa Langoni wamechanga,
na kila hamsini umeiandika na jina lake.
Watasema nimekata tamaa.
Sikuikata. Nimeipunguza kiunoni,
kama nguo ya mtu aliyekonda.
Sitaki miaka. Nataka njaa.
Njaa ile ya kweli, imtoayo mtu usingizini
akapapase kiporo gizani.

Na maumivu? Yatakuja. Ipo dawa yake ya maji, ya kupimwa kwa bomba,
na Sista Kadzo ameahidi kupokea simu hata usiku.
Naogopa, usidhani siogopi.
Nikikosa usingizi nahesabu boriti za dari:
zi ishirini na tisa, tangu utoto wangu zi ishirini na tisa,
na kila nikifika ya kumi na saba
napotea.

Safari ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi.
Tangu hapo hujaniambia neno. Umepanga vyombo kwa kishindo,
umefagia ua mara mbili.
Haya, kasirika. Hasira hiyo naijua,
niliizaa mimi.

Ngoja.
Hiyo si mofa ya Mwana Esha?
Moshi unaingia dirishani. Nangoja kichefuchefu
kama angojwavyo mgeni asiyependwa.
Nangoja.
Hakiji.
Tumbo languruma, wasikia?
Somoe, usisimame hapo mlangoni, macho yamekutoka.
Liweke hilo faili popote.
Kaniletee mmoja, wa moto,
na chumvi.