Watu Watatu, Simu Moja

Zurab Kvirkvelia aligonga mwezi wa pili:
barafu, nguzo ya umeme, taa ya mbele kwaheri.
Zura Kirkvelia akagonga mwezi wa tano:
mvua, nguzo, taa ileile ya kushoto.
Wa Agosti alikuwa Z. Qvirqvelia,
aliyezaliwa siku moja na wale wawili
ila mwezi umekaa penye siku, siku penye mwezi,
kama viatu vilivyovaliwa gizani.

Bima iliwalipa wote.
Kwa karatasi, hawajuani.

Hapa Tbilisi majina yetu yana herufi zake za mviringo;
yakivushwa kwenda herufi za wageni
humwaga kitu njiani. K hugeuka Q,
irabu huanguka, na hakuna anayerudi kuiokota.
Mwizi anaijua njia hiyo. Nami naijua:
baba yangu alizikwa ugenini na herufi isiyo yake.

Kwa hiyo siulizi unaitwa nani.
Nauliza unalala wapi, simu yako inaita mfukoni mwa nani,
akaunti gani hufungua mdomo pesa zikiingia.
Kompyuta hupima: huyu na huyu, asilimia sitini;
huyu na yule, tisini na moja.
Mimi huchora mistari kwa penseli,
maana jicho langu haliamini mstari lisiouchora.

Gari moja jeupe. Namba zimebadilishwa mara mbili,
injini haikubadilishwa; injini haijui kudanganya.
Gereji moja, kule Didube.
Simu moja, mwisho wake nne, moja, saba.

Nne, moja, saba.
Namba hii iliwahi kupigwa kwa simu yangu.

Sikuipata kwenye mashine. Niliipata kwenye droo,
saa tatu usiku, mfagizi akinisubiri nitoke,
katika fomu ya likizo ya miaka sita iliyopita:
*Likitokea lolote, mpigieni mwanangu.*
Mwandiko wa Lamara. Lamara wa meza ya dirishani,
anayegonga muhuri madai yapite,
aliyekaa nami hospitali siku mama alipopasuliwa,
akaazima simu yangu amwite mwanawe alete blanketi.
Alileta. Kijana mpole, mwenye haya.
Alijitambulisha kwa jina moja tu.

Kikulacho ki nguoni mwako, tumeambiwa.
Changu kilikuwa kinanimenyea komamanga.

Leo amekuja mapema, bakuli mkononi.
“Umekonda, wewe. Kula.”
Karatasi iko mezani, sikuwahi kuifunika.
Mistari yote imekamilika isipokuwa mmoja:
kati ya jina lake na yale matatu
pamebaki weupe wa upana wa kidole.
Nimeshika penseli. Penseli imenishika.

Punje moja ikadondoka hapo hapo, ikapasuka.
“Ee, samahani,” akasema,
akaifuta upesi kwa mkono wa sweta,
na wekundu ukaburutika
kutoka kwake
hadi kwa mwanawe.