Chuma cha Kuazima

Geti la Mzee Mallya, kilo mia na themanini,
nililiunga mwenyewe, kona kwa kona,
nalo likanilalia mimi mwenyewe.
Mguu wa kushoto, chini ya goti,
ukakatika kwa mlio wa muwa.
Mfupa ukachungulia nje, mweupe,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Dakta Lyaruu hakunifunga plasta.
Kidonda kama hiki, alisema,
ukikifungia ndani kitaoza kimyakimya.
Akatoboa.
Misumari minne juu ya mvunjiko, mitatu chini
(wa nne ulikwisha stoo),
na nje ya ngozi ufito mmoja wa chuma
ukaishika yote,
kama mwamuzi aliyewashika wagomvi mikono
mpaka wachoke kuvutana.

Nilipozinduka niliikagua kazi kwanza,
maumivu baadaye.
Nati. Boliti. Klempu.
Nikamwambia, daktari, hiyo ni spana namba kumi.
Akacheka: kumi na moja, fundi.

Nesi Ndeshi alimfundisha mke wangu:
maji ya chumvi, yachemke, yapoe,
na kila tundu na gozi lake,
kama watoto wa wake wenza
wasiochangia sahani.
Haikaeli akapasua mshono wa suruali, akatia vifungo.
Akaniletea mtori. Nikamwambia sijajifungua.
Kula, akasema, miezi yako bado.

Pasua nzima waliniita Antena.
Watoto waliuliza kama nashika Kenya.
Usiku chandarua kilinasa kwenye ncha ya ufito,
kikachanika,
na mbu wa Njoro wakapata njia.
Julai ilipofika, baridi ikashuka na mlima,
ikakifuata kile chuma,
ikaingia hadi ndani ya mfupa
bila kubisha hodi.

Mimi nikiunga, ni dakika:
cheche, moshi, nagonga masizi,
jioni mwenye dirisha analipa.
Mfupa hauna haraka ya umeme.
Huanza na damu iliyoganda, ukaja ute,
ute ukawa gegedu,
na siku moja, hukuiona ikipita, jiwe.
Kwenye picha ya mwezi wa tatu
palikuwa na wingu dogo tu pale kwenye pengo.
Dakta aliligusa kwa kalamu, akafurahi
kama mtu aliyeonyeshwa mvua.

Mwezi wa nne akalegeza nati mbili.
Nikashtuka. Kwetu kazi hailegezwi.
Mfupa usiobebeshwa, akasema,
husahau kazi yake. Kanyaga.
Nikakanyaga. Nikatukana. Nikakanyaga.

Sasa niseme nilichokuwa nakiona
kila nikikaa kitandani peke yangu:
juu ya ufito, kwa ncha ya msumari,
mtu alichora N.T.
na vistari kumi na tisa.
Wiki? Nilimuuliza Ndeshi.
Chuma hiki kimepita miguu mingi, alisema,
kinachemshwa, kinarudi, siwakumbuki.
Nikawaza, N.T., ulihesabu ukaishia hapo kwa sababu gani?
Ulipona,
au ulichoka kuhesabu,
au?
Sikuongeza kistari. Niliogopa.

Nilichofanya ni hiki.
Nilichukua tupa ndogo, ile ya kunolea msumeno,
nikailaza ile ncha iliyochana chandarua,
taratibu, jioni mbili, mpaka kidole kikapita.
Dakta alinifokea: vumbi la chuma
karibu na matundu, fundi, una akili?
Nikanyamaza.
Wiki ya ishirini na tatu alivitoa vyote.
Matundu saba. Alihesabu kwa sauti
akivitia kwenye beseni.

Nimerudi kliniki leo, na fimbo.
Kwenye benchi yupo mama wa Uru,
alianguka akikata majani ya ng'ombe,
na mguuni anazo herufi zile.
Sikumsalimia kwa hilo. Tulizungumza bei ya pumba.
Akaitwa. Akajifunika khanga,
na khanga ikapita juu ya ncha
bila kunasa.