Kiporo cha Jumamosi

Hema limeng'olewa. Viti vya kukodi vimehesabiwa
mara mbili, kimepungua kimoja,
na mwenye viti ameteremka njia ya Chavakali
akinung'unika peke yake.
Shangazi Kavere kaondoka na ndoo ya nyama,
kaifunika kitenge kama mtoto mgonjwa.
Hatukumsema. Alilia kuliko sisi sote.

Jikoni Muhonja akafunua sufuria la kanisa,
lile linalotosha kuogeshea ndama.
Wali umekuwa ukoko. Kabichi imechacha,
tukawamwagia kuku.
Chini kabisa, maharagwe, kiasi cha karai,
yaliyopikwa kwa ajili ya watu mia nne
na mpishi wa kuajiriwa
ambaye hakujua mama alichukia binzari.

Muhonja aliyanusa. Akayapa moto.
Akayanusa tena, kichwa kimeinama upande
kama anayenong'onezwa.
"Haya bado mazima," akasema,
kisha akajiziba mdomo.

Hakuna aliyemjibu.

"Asige, chukua jembe."

Nyuma ya zizi kuna viazi vitamu vya mama,
matuta saba. Aliyapanda mwenyewe mwezi wa tano
akilalamikia kiuno, akilalamikia fuko,
akitulalamikia sisi tulio mjini
tunaonunua viazi kwa kilo.
Wiki nzima hakuna aliyekwenda huko.
Kaburi liko mbele ya nyumba, matuta yako nyuma,
na udongo ni uleule mwekundu.
Nilichimba polepole. Niliogopa kukata kiazi
kama nilivyoogopa, jana, saa nane,
kuachia konzi yangu ya mchanga.

Akavimenya. Akavichemsha. Akavitupia
juu ya maharagwe ya watu,
akaketi kigodani, akalibana sufuria kwa nyayo,
akaanza kuponda.
Mwiko ule umelika upande mmoja tu,
maana mama alikuwa na shoto.
Muhonja hana shoto. Mwiko ukamteleza,
ukagonga ukingo, ukamkataa.
Alipumua.
Akabadilisha mkono.

Basi ukawa mushenye. Si mushenye wa mama,
ule laini kama uji wa mgonjwa;
huu ulikuwa na mabonge, na ile binzari
haikukubali kufichika,
lakini mvuke wake uliingia sebuleni
ukatuita mmoja mmoja kwa majina yetu ya utotoni.

Baba alikuwa kwenye kochi. Siku tano,
chai nusu kikombe, na hiyo nusu tunaimwaga.
Mchungaji alimsihi ale. Chifu alimsihi.
Wanawake wa kikundi walimsihi kwa pamoja.
Muhonja hakumsihi. Alimwekea sahani magotini
akaenda zake kumkaripia mtoto.

Tulikula. Hakuna kipaza sauti,
hakuna orodha ya michango,
hakuna binamu wa kutoka Kitale
wa kuulizwa kama ameshiba.
Vijiko tu.

Baba akatafuna. Mushenye hautafunwi,
lakini yeye alitafuna, muda mrefu.

"Chumvi hakuna," akasema.

Kila jioni ya maisha yangu, hapahapa,
nimeyasikia maneno hayo,
na kila jioni mama alijibu bila kugeuka.
Tuliangalia sahani zetu. Nani angelisema?
Mimi siwezi. Muhonja ni mke wa mwana, hathubutu.

Kisia, miaka sita, mdomo umejaa:
"Chumvi iko dukani, babu,
na miguu unayo."

Baba akaitazama miguu yake.
Viatu bado ni vile vya mazishi,
udongo umekaukia kwenye nyuzi.
Akaitazama kwa makini,
kama mtu anayekumbushwa deni ambalo kweli analo.
Halafu akanyoosha sahani.

"Niongezee. Na hapo kwenye ukoko, kwangua."

Kilichobaki, Muhonja amekifunika kwa bakuli,
juu yake kaweka jiwe,
kwa sababu ya paka.