Sauti 004

Kibanda changu Tandika, nyuma ya wauza mitumba,
kina kompyuta moja, feni isiyogeuza shingo,
na bango la mkono wangu: TUNAJAZA NYIMBO.
Elfu moja, kadi inajaa mpaka inatapika:
singeli za mtaani, taarabu za kusutana,
kwaya za Jumapili, na zile za kantri
alizozipenda marehemu baba,
za wanaume wanaomlilia farasi.
Farasi sisi tulimjua kwa picha ya kalenda,
lakini gitaa lilipoburuzwa baba alinyamaza,
kijiko juu ya wali, hakishuki hakipandi.

Jumanne moja, mvua ndiyo kwanza imekatika,
akaja mtu na kadi ndani ya ganda la kiberiti.
Chilewa. Mlinzi wa ghala la saruji, Buza.
Koti la kazi, vifungo viwili vya rangi mbalimbali.
"Zimo saba," akasema. "Zangu. Sijui zinauzwaje."

Hazikuwa na majina. Sauti 001, Sauti 002,
kama wagonjwa kwenye foleni.
Nikavaa hedifoni, nusu kwa adabu,
nusu nikihesabu chenji ya mtu.

Zeze.
Linaanza chini, kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Amerekodi kwa simu, ndani ya simtanki tupu
la lita elfu tano, usiku, geti limefungwa,
kwa kuwa mle, alisema, sauti inarudi kumsalimia.
Anaimba Kigogo; akifika penye deni
anahamia Kiswahili, ili anayemdai asikie:
mbuzi nimeuza, nauli nimelipa,
Dar nimefika, mbuzi ananifuata.
Basi. Hakuna kiitikio. Mbuzi anamfuata
Kilosa, Ruvu, mpaka getini,
na getini mlinzi ni yeye mwenyewe.

Kwenye ya nne, katikati ya ubeti,
jogoo wa jirani anawika.
Chilewa ananyamaza, anamwachia amalize,
kisha anaokota wimbo pale jogoo alipouangusha.
Kumkata nilijua. Ni kubonyeza mara mbili.
"Usimtoe," akasema. "Alikuwapo."

Chenji ya mtu nikaisahau mkononi.

Nikaanza kuzipachika. Mtu analipia singeli mia,
namtilia moja ya Chilewa iwe nyongeza,
vile muuza nyanya anavyotupia ile ndogo ya mwisho.
Wengi hawakusema kitu. Mmoja alirudi amefura:
nani kaniwekea msiba kwenye simu?
Wiki tatu. Nikasema labda ni mimi tu,
mimi na baba yangu na farasi wake.

Ndipo alipokuja Somoe, wa duka la vigae,
akaweka viwiko mezani:
"Una nyingine ya yule wa jogoo?"
Wa jogoo! Nilicheka mpaka mteja akageuka.
Somoe kwao Kilwa, Kigogo hakijui hata salamu.
"Sijui anasema nini," akasema,
"ila tangu niipige dukani sijavunja kigae."
Kesho yake walikuja wawili. Kisha fundi bomba.
Kisha yule wa msiba, kavaa kofia, anaongea kwa chini.

Ghala limehamia Mkuranga. Namba ya Chilewa haipatikani.
Fungu lake, elfu kumi na moja na mia tano,
limo kwenye lile lile ganda la kiberiti;
ikifika noti nyingine halitafunga.

Watu sasa wananiletea kadi bila kuulizwa:
marimba ya dada wa mtu, kayarekodi stoo ya mchele;
bibi wa Ukara na nanga iliyopungua uzi mmoja.
Nyingi mbovu. Sisemi uongo, nyingi mbovu sana.
Lakini usiku nateremsha mlango nusu,
nachomeka moja isiyo na jina,
na ikianza sigusi kitu.
Hata pikipiki ikipita ndani yake
naiacha ipite.