Makoti Yenye Matundu

Alikufa mara arobaini na tatu,
na kila kifo nilikishona mimi.

Kwanza unampima kifua, mikono mbali na mbavu,
halafu unamuuliza mwongozaji: risasi inaingilia wapi?
Unatoboa. Unapachika kimfuko cha damu,
sharubati nzito ya mahindi iliyotiwa rangi,
unakishikiza kwa nyuzi tatu tu, zikatike upesi.
Makoti matatu kwa kila kifo,
maana mtu aweza kufa vibaya mara mbili
kabla hajafa vizuri.

Mabango yalimwita Brock Tannehill.
Jina hilo wanaume wanne walilichagua wakila chakula cha mchana.
Mama yake alimwita Kazimierz, na Kaziu akishikwa na homa,
kule Pennsylvania, mji wa makaa ya mawe,
ambako theluji huanguka nyeupe alfajiri
na adhuhuri imeshakuwa kijivu.
Baba yake alishuka mgodini Machi moja, hakupanda.
Ile pua iliyompa ulaji haikuvunjikia ulingoni,
magazeti yalidanganya:
iligongwa na mlango wa banda la nyumbu wa mgodi,
yeye ana miaka kumi na mmoja.
Studio ikainunua kwa mkataba wa miaka saba.

Walimlipa ili asicheke.
Asicheke hadharani, asivae miwani,
asionekane amebeba maua.
Chumbani kwangu, nyuma ya pazia, aliniambia,
Consuelo, nifundishe tundu la kifungo.
Vidole vilivyokaba makoo ya watu wazima
vilishika sindano kama vinashika kifaranga.
Hakuwa na kipaji. Matundu yake yalikuwa na makengeza.
Akishaondoka niliyafumua, nikashona upya,
naye hakujua,
au alijua akaninyamazia.

Simpaki asali. Nilikuwapo siku alipompiga kofi kijana wa taa,
kofi la kweli, kamera zimezimwa.
Sote tukangoja mtu aseme: kata.
Hakusema mtu.
Kesho yake akamletea kijana saa ya dhahabu.
Kijana akaivaa, na hakumtazama tena usoni.

Kisha wakaja majambazi wa mtindo mpya,
vijana wembamba wanaolia kabla ya kuua,
na Brock akaanza kuuza magodoro kwenye televisheni.
Alilala juu ya godoro amevaa kofia, akakunja ndita.
Watoto wa Burbank walimwiga njiani.
Aliwapungia mkono.

Mapafu yalipogoma, daktari alisema ni sigara.
Yeye akasema ni makaa,
yamechelewa tu kufika.

Akanipigia simu: nishonee moja lisilo na tundu.
Nikakata sufi ya buluu iliyokoza, bitana mbili,
vipimo sikuviuliza, nilivijua kwa ghibu:
kifua inchi arobaini na nne.
Nikamkuta kitandani amebaki thelathini na sita.

Koti likampwaya, mabega yakaning'inia kama ya mtu mwingine.
Nilitaka kulia. Yeye akacheka,
akacheka mpaka muuguzi akaja mbio,
miaka yote ile ya mkataba ikimtoka kwa kikohozi.
Bana kwa nyuma, akasema,
kamera iko mbele.

Nikabana.
Mkebe wangu wa pini
bado umepungukiwa saba.