Kibao cha Langoni

Wekhomo amekuja na kopo la rangi nyekundu
na brashi aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli.
"Niandike nini, mama? Ya kawaida?"
Ya kawaida ni MBWA MKALI.
Sekisheni 58 nzima imeandikwa hivyo,
hata kwa Nyaguthii, ambaye mbwa wake alikufa mwaka juzi
na kibao kinaendelea na zamu.

Ngoja, namwambia. Shika chai kwanza.

Huyu aliletwa kwangu ndani ya gunia la mbolea,
nusu pitibuli, nusu mbwa koko wa Bondeni,
kichwa kama tofali,
masikio yamekatwa kwa makasi ya cherehani.
Shemeji yangu Karanu alimwita Jeneza.
Alimfungia gizani, akamlisha ugali wa pilipili,
akawaruhusu watoto wamtupie mawe kupitia ufa wa mlango,
ili awe mkali, alisema,
kana kwamba ukali ni mahindi:
unapanda, unavuna, unafungia ghalani.
Siku Jeneza alipomshika paja Karanu mwenyewe
ndipo nilipopigiwa simu.

Nilianza na jina. Kunde,
kwa madoa yake ya tumboni.
Wiki mbili nikiita, hageuki.
Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, hatua nne kutoka kwake,
nikichambua mchele, nikimsomea bei za gazeti la juzi,
hadi sauti yangu ikawa kitu cha kila siku,
kama mvua kwenye mabati.

Kisha masomo. Kaa. Ngoja. Acha.
"Acha" ilitumaliza msimu mzima wa viazi:
mfupa kwenye kiganja changu,
kiganja kinatetemeka,
naye anajua kinatetemeka.
Simpigi. Msinipe sifa kwa hilo.
Mkono huu ndio utakaomchomoa mwiba;
nataka aujue kwa jambo moja tu.

Alfajiri, kabla ya watoto wa shule,
tunashika njia ya Menengai, upepo ukitumwagia vumbi.
Kamba fupi. Mdomo ndani ya kikapu chake cha ngozi.
Watu huvuka barabara wakituona.
Siwalaumu, wala siwapigii kelele kwamba haumi.
Kila mbwa aliyewahi kuuma
alikuwa na mtu nyuma yake akisema haumi.

Daktari Kemunto alimdunga chanjo ya kichaa;
kadi naiweka pamoja na kitambulisho changu.
Akamfunga na kizazi. Karanu alinuna mwezi mzima:
alikuwa ameshauza watoto ambao hawajatungwa mimba.

Na hili niliseme, maana Wekhomo ana masikio
na mtaa una midomo.
Mwezi wa tatu nilirudi nimechoka,
komeo nikalisukuma nusu.
Kibiwott wa maziwa akaingia na baiskeli yake.
Kunde alitoka kama jiwe la teo.
Nikatamka lile neno,
lakini si kwa sauti ya masomo,
kwa sauti ambayo sikujua ninayo.
Akasimama. Miguu imesimama,
misuli ya mabega bado inakwenda.
Mtungi ukaanguka, lita sita zikaingia mchangani.
Nililipa nane.
Majirani wakaja kumsifu mbwa.
Mimi nilikuwa dukani, nanunua komeo la pili.

Wekhomo amefikia majani ya chai.
Andika hivi, namwambia, na uandike kubwa:

MBWA YUPO.
MWENYE MBWA PIA YUPO.
GONGA, NGOJA.

Anahesabu hewani kwa kidole chenye rangi.
"Herufi zimezidi, mama. Utaongeza mia."
Kule kivulini Kunde amelaza kidevu juu ya kamba yake,
na kile kipande cha sikio kilichobaki
kinafuata brashi, kulia, kushoto,
kama anayejifunza kusoma.