Nati ya Nne

Alifajiri Fuoni,
natoka msikitini,
gari la Pandu njiani
tofalini limetuwa.

Magurudumu mawili
yamekwenda, yako mbali.
Pandu hana hata swali,
chai yake inapowa.

Kwa Shaame wa vipuri
alinipa nne nzuri,
nati za kufuli; siri,
ufunguo wenye uwa.

Kila tairi na yake,
nikakaza isitoke:
mwizi aje, asumbuke!
Nikalala kama chewa.

Jumapili, Kitogani,
mke, watoto garini,
msumari tairini,
upepo ukapunguwa.

Jeki nimeshaipiga,
nati tatu ninamwaga,
ya nne ikanibwaga:
uwa langu halikuwa.

Raya akacheka: "Lile?
Kabatini, palepale!
Ili mwizi asitwale,
nawe pia wazuiwa."

Kijana wa basikeli
akaikagua kweli;
dakika zisizo mbili,
kwa nyundo akaivuwa.

Sikuuliza ni wapi
kasomea, kazi zipi.
Maneno yangu mafupi:
asante. Noti katowa.